Mto mmoja, sheria tatu za mimba

Mwezi Novemba mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, waliingia Karagwe wakiwa hoi. Njiani walikuwa wametozwa hongo na karibu kila mtemi waliyepita kwake, na wapagazi walikuwa wamewakimbia. Kwa Omukama Rumanika walipata mapokezi ya heshima, na Speke aliyaandika kwa shukrani. Habari hiyo tumeisoma sote shuleni.

Jambo ambalo hatukusimuliwa ni hili. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 6 Agosti 1861, huko London ilikuwa imepata idhini ya Malkia sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu. Vifungu vyake vya 58 na 59 vilihusu kuharibu mimba. Speke hakuwa nayo katika mizigo yake ya shanga na nguo, wala Rumanika hakuisikia maisha yake yote. Lakini Speke alikwenda zake Buganda mwanzoni mwa 1862, na Grant, aliyekuwa akiugua mguu, akamfuata baadaye. Sheria ile haikuwa na haraka. Ilikuja baadaye, ikakaa, na mpaka leo haijaondoka.

Nimeianza hadithi mbali kwa sababu swali ninaloletewa na wasikilizaji, hasa akina mama wa Karagwe na Kyerwa, halina jibu jepesi usipojua lilikotoka. Swali lenyewe ni hili: mama anapoambiwa kwamba mtoto aliye tumboni hawezi kuishi, ama atafia humo humo au atafariki saa chache baada ya kuzaliwa, je, sheria inamruhusu kuikatisha mimba hiyo, au ni lazima aibebe mpaka mwisho?

Kwanza tuone sheria ilivyosafiri. Mjerumani alipoondolewa na Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza alianza kwa kuazima sheria za India mwaka 1920. Mwaka 1930 akaweka Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Kielelezo chake kilitoka Queensland, Australia, kwa jaji Samuel Griffith, kikapitia Nigeria kabla ya kutufikia. Kenya na Uganda nazo zikapata kanuni za umbo hilo hilo. Ila kwenye mimba, ukiyaweka maneno yetu kando ya yale ya London ya 1861 utadhani ni mtu na kivuli chake. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, sheria ile ya mama ilikuwa imetimiza miaka 100. Bendera ilibadilishwa, vifungu havikuguswa.

Leo ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 kinasema anayefanya jambo lolote kinyume cha sheria kwa nia ya kuharibu mimba ya mwanamke, awe ana mimba kweli au hana, anaweza kufungwa miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152 kinamhusu anayetoa dawa au vifaa huku akijua vinakwenda kufanya nini, miaka 3. Kisha kipo kifungu cha 219, ambacho wengi hawakijui, kinachofuata fikra ya sheria nyingine ya Uingereza, ya mwaka 1929: kumuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai kabla hajatoka kwa mama yake ni kosa la kifungo cha maisha, isipokuwa kama ilifanywa kwa nia njema ya kuokoa maisha ya mama tu. Mimba ikishafika wiki 28, mahakama inachukulia kwamba mtoto huyo angeweza kuzaliwa hai, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mlango mmoja tu uliachwa wazi, nao ni kifungu cha 230. Daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, hana kosa akimfanyia mgonjwa kwa manufaa yake, au akiufanya kwa mtoto ambaye hajazaliwa ili kuokoa maisha ya mama, mradi upasuaji huo uwe wa busara ukizingatia hali ya mgonjwa na mazingira yote. Soma tena kifungu hicho. Kinamtaja mama na maisha ya mama. Juu ya mtoto ambaye hana namna ya kuishi, hakisemi lolote, si ndiyo wala hapana.

Wapo wanaosema waliotunga walikuwa wakatili. Mimi nasema walikuwa vipofu, na si kwa kosa lao. Mwaka 1861 hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kuona mtoto akiwa tumboni na kusema huyu hana fuvu la kichwa. Serikali ya kikoloni iliweza kugundua bati chini ya vilima vya Kyerwa na kulichimba, lakini tumbo la mjamzito lilikuwa giza kwa daktari kama lilivyokuwa giza kwa mkunga wa kijijini. Habari ilijulikana siku ya kujifungua. Nimewahi kuzungumza na wakunga wazee waliostaafu, wakanieleza jinsi walivyokuwa wakimfunika mtoto wa namna hiyo haraka kwa kitenge kabla mama hajainua kichwa, na bibi mzaa baba akaitwa pembeni kunong'onezwa. Mama aliambiwa mtoto amefariki, basi. Maziko yalikuwa ya kimya. Sheria haikuwa na kazi katika chumba kile, maana hapakuwa na uamuzi wa kufanya.

Hapa niseme wazi ninazungumzia watoto gani, kwa kuwa jambo hili likichanganywa linaleta madhara. Sizungumzii ulemavu. Mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa anaweza kufanyiwa upasuaji, akaishi, akasoma. Wazazi wengi wa Kagera wamesafiri siku nzima kwa basi mpaka Mwanza, hospitali ya rufaa ya Bugando, kwa ajili hiyo hiyo. Ninazungumzia yule ambaye fuvu la juu na sehemu kubwa ya ubongo havikuumbika kabisa, au ambaye figo zote mbili hazipo. Kwa hao hakuna daktari wa Mwanza, wala wa Muhimbili, wala wa London, atakayewafanya waishi. Anayetumia huruma ya watu kwa hawa ili kufungua mlango wa kuwakataa walemavu, mimi simo katika safari yake.

Tuendelee na historia. Mwaka 1938 daktari mmoja wa London, Aleck Bourne, aliitoa mimba ya msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria ili ijulikane imesimama wapi. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha ya mama hakuna maana ya kumngoja afike mlangoni mwa kifo. Ikiwa daktari anaamini kwa sababu za kutosha kwamba mimba itamvunja mama mwili au akili, anahesabiwa kuwa ameokoa maisha. Bourne aliachiwa. Miaka 21 baadaye, mwaka 1959, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa mahakama ya Tanganyika pia, iliifuata fikra hiyo katika rufaa ya daktari kutoka Kenya, Mehar Singh Bansel: upasuaji wa kuondoa mimba ni haramu pale unapokosa sababu njema ya kitabibu. Kwa hiyo wanasheria wanaosema kifungu cha 230 kina nafasi kubwa kuliko kinavyoonekana hawasemi ovyo. Ila mwambie hivyo tabibu kijana wa kituo cha afya aliyeajiriwa juzi. Yeye anaijua namba moja tu, nayo ni 14.

Wakati mahakama zikipima maneno, madaktari walikuwa wanafungua dirisha. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, alionyesha kwamba rubela kwa mjamzito inamdhuru mtoto tumboni. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wetu Tanzania mwaka 2014. Kisha kikaja kisa cha thalidomide, dawa ya Kijerumani iliyoanza kuuzwa 1957 na kunywewa na wajawazito kwa kichefuchefu na usingizi, ikaondolewa sokoni Ujerumani mwishoni mwa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili. Mshtuko ule ulichangia Bunge la Uingereza kutunga sheria mpya mwaka 1967, ambayo pamoja na mengine iliruhusu mimba kukatishwa ikiwa mtoto atakuwa na kasoro kubwa mno. Yaani aliyetupa sheria ya 1861 aliibadilisha ya kwake, sisi tukabaki tukiilinda nakala.

Altrasaundi ilianzia Glasgow, kwa Profesa Ian Donald, mwaka 1958. Mwaka 1972 Stuart Campbell na wenzake, huko London, walichapisha taarifa ya kumtambua mtoto asiye na fuvu kwa mashine hiyo mimba ikiwa bado changa. Tangu hapo swali likawa la wazi kwa kila nchi yenye mashine: tumeona, sasa tufanyeje?

Nchi zimejibu kwa njia mbalimbali. Nchini Peru, mwaka 2001, msichana wa miaka 17 alikuwa na mimba ya mtoto asiye na ubongo. Hospitali ya umma ikamkatalia kuikatisha. Alizaa, akalazimika kumnyonyesha mtoto kwa siku nne alizoishi. Mwaka 2005 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba msichana yule alitendewa ukatili, kwa mkataba ule ule ambao Tanzania nayo ni mwanachama. Brazil, nchi yenye Wakatoliki wengi kupita zote duniani, Mahakama yake Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2012, kwa kura 8 dhidi ya 2, kwamba kukatisha mimba ya mtoto asiye na ubongo si kosa la jinai. Ireland mwaka 2018 iliandika katika sheria kwamba madaktari wawili wakikubaliana kuwa mtoto ana uwezekano mkubwa wa kufariki kabla ya kuzaliwa au ndani ya siku 28 baada ya kuzaliwa, mimba inaweza kukatishwa. Naitaja Ireland kwa sababu ya ile hesabu ya siku 28. Walikaa chini wakatafuta mstari wa kuwatenganisha watoto wasioweza kuishi na watoto wenye ulemavu, wakauandika.

Lakini kwa nini twende Brazil wakati kuna mto Kagera?

Simama Kyerwa utazame magharibi, ng'ambo ni Rwanda. Nenda Murongo utazame kaskazini, ng'ambo ni Uganda. Ndizi ni zile zile, na wazee wanasikilizana bila mkalimani. Mpaka wenyewe nusura ukae pengine. Baada ya vita ya kwanza Waingereza walipewa Gisaka, ile mashariki ya Rwanda, kwa ndoto yao ya reli ya kutoka Cape mpaka Cairo, kisha wakairudisha kwa Wabelgiji, na kufikia mwaka 1924 mto ukawa ndio mpaka. Hivyo ng'ambo ya magharibi wakarithi sheria za Kibelgiji, na ng'ambo ya kaskazini wakawa na maneno yale yale ya Mwingereza kama sisi.

Uganda kanuni ya adhabu haikubadilishwa, na Katiba yao ya 1995 inasema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa sheria iruhusu. Hata hivyo mwaka 2006 Wizara yao ya Afya ilitoa mwongozo wa huduma za uzazi ukiwataja wanaoweza kuhudumiwa, na miongoni mwao ni mama mwenye mimba ya mtoto mwenye kasoro isiyoweza kuendana na maisha nje ya tumbo. Mtoto asiye na ubongo umetajwa kama mfano. Mwongozo si sheria, na daktari wa Mbarara bado anaweza kuogopa polisi. Lakini angalau kuna ukurasa wa kuuonyesha.

Rwanda ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2012 ilibadilisha kanuni yake ya adhabu na kuruhusu mimba kukatishwa kwa sababu maalum. Sheria ya 2018 ikaondoa sharti la kwenda mahakamani kwa waliobakwa, na ikataja waziwazi kwamba si kosa pale mimba inapohatarisha afya ya mama au ya mtoto aliye tumboni, mradi afanye daktari.

Na sisi? Hapa ndipo panaponishangaza. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha, huko Maputo, itifaki ya haki za wanawake. Ibara ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa waliobakwa, na pale mimba inapohatarisha afya au maisha ya mama, au maisha ya mtoto aliye tumboni. Uganda iliridhia ikaweka pingamizi juu ya ibara hiyo. Kenya vivyo hivyo. Rwanda nayo iliweka, ikaliondoa mwaka 2012. Tanzania iliridhia mwaka 2007 bila pingamizi lolote! Tuliokubali yote bila kunung'unika ndio ambao sheria yetu haikusogea hata neno. Kwa utaratibu wetu mkataba hauwi sheria ya mahakamani mpaka Bunge liutungie sheria, na Bunge halijafanya hivyo. Si kwamba Kanuni ya Adhabu haiguswi. Mwaka 1998 Bunge liliifumua upande wa makosa ya kujamiiana. Sura ya mimba likairuka.

Najua kwa nini huwa inarukwa. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya makanisa, na hospitali zetu kubwa zimejengwa na makanisa. Nyakahanga ni ya Walutheri, Isingiro ni ya Wakatoliki. Bila hao tungekuwa tunazikana hovyo. Msimamo wa Kanisa Katoliki unajulikana na hauna pazia: maisha hayakatishwi kwa mkono wa mtu, hata yakiwa ya saa moja. Upande wa Waislamu, Baraza la Fikihi la Makka liliamua mwaka 1990 kwamba kabla ya siku 120 mimba inaweza kukatishwa kwa ombi la wazazi, ikiwa jopo la madaktari waaminifu limethibitisha kasoro kubwa isiyotibika. Baada ya hapo, ni kwa kuokoa maisha ya mama tu. Na wapo akina mama, tena si wachache, ambao wakiambiwa ukweli wote huchagua kubeba mpaka mwisho, wambatize mtoto, wampe jina, wamzike kama mtu. Mama huyo anastahili chumba chake na mkunga wa kumshika mkono. Mimi sitaki sheria inayomsukuma kokote.

Ninachokataa ni giza la sasa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Mashine zimeingia hospitali za wilaya na baadhi ya vituo vya afya. Maana yake ni kwamba tunazidi kuwaonyesha akina mama jambo ambalo sheria yetu ya 1930 haina neno juu yake. Mtoto asiye na ubongo hamezi vizuri maji ya uzazi, hivyo mara nyingi maji hujaa kupita kiasi, na mimba huweza kupitiliza miezi yake. Mama anaweza kuingia hatarini kweli. Katika hatari hiyo kifungu cha 230 kinafunguka. Kabla ya hapo, anayeamua ni woga wa mhudumu wa zamu.

Kuna upande mmoja wa habari hii ambao hauhitaji Bunge. Mwaka 1991 utafiti wa Waingereza uliofanyika katika nchi 7 ulionyesha kwamba asidi foliki, ikitumiwa kabla ya mimba na mwanzoni mwake, inazuia karibu robo tatu ya kasoro za aina hii kwa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo. Lakini mfereji wa uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga, kabla wengi hawajajua kuwa wamepata mimba. Vidonge vya kliniki mwezi wa nne vinasaidia damu, ila kwa hili vimechelewa. Ndiyo maana kanuni za 2011 ziliagiza unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani utiwe virutubishi, asidi foliki ikiwemo. Vizuri kwa Dar es Salaam. Kwetu chakula ni ndizi, na mahindi husagwa mashine ya kijijini. Afadhali ndizi zetu huenda na maharage, ambayo yana foliki kiasi. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo aanze vidonge kabla hajabeba mimba nyingine, na mhudumu wa afya atampa kipimo chake, maana ni kikubwa kuliko cha wengine. Hilo hata duka la dawa la Omurushaka linaweza kulifanikisha wiki hii.

Lililobaki ni la waheshimiwa wabunge, na majimbo yetu yanao. Sidai waandike kama Rwanda, wala kama Ireland. Nadai waandike. Wakiamua mama abebe mpaka mwisho, basi waseme hivyo kwa sauti Dodoma, na watenge chumba, mkunga na dawa ya maumivu. Wakiamua madaktari wawili waruhusiwe kukubaliana naye, waseme kwa kasoro zipi na kabla ya wiki ya ngapi.

Kwa sasa kadi ya kliniki ya wajawazito ina sehemu ya uzito, ya damu, ya mapigo ya moyo wa mtoto, na chini ina tarehe ya kurudi. Mapigo ya moyo yanasikika hata kwa mtoto asiye na ubongo. Mhudumu anayaandika, anainamisha macho, anaandika na tarehe.